Betri imekufa na kifuniko cha mbele hakifunguki: naweza kuibadilisha mwenyewe?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Porsche 911 ya kizazi cha 991, ile yenye mfumo wa kuzima injini wenyewe kwenye foleni. Nilisafiri, nikaiacha imeegeshwa wiki sita. Nimerudi nimeikuta imekufa kabisa: rimoti haifungui, taa hakuna, na kifuniko cha mbele, ambako ndiko betri iliko, hakifunguki. Gari langu la zamani nilikuwa nalibadilishia betri mwenyewe kwa spana moja tu. Je, na hili naweza, au nitaharibu kompyuta? Na kama ni kununua mpya, ninunue ya lithiamu?

Jibu: Ndugu yangu, unaweza. Kazi ya spana yenyewe ni ya nusu saa, na mkono uliowahi kubadilisha betri ya gari la zamani unaitosha. Gari hili, hata hivyo, linakudai mambo matatu ambayo lile la zamani halikukudai: namna ya kuingia wakati umeme haupo, kujua kama betri imekufa kweli au imeishiwa chaji tu, na mwishoni kuliarifu gari kwamba limewekewa betri nyingine. Magari ya aina hii yanapoletwa kwangu baada ya mwenyewe kuyajaribu nyumbani, ni nadra kukuta kosa limetokana na spana. Huwa limetokana na mojawapo ya hayo matatu, na mara nyingi ni hilo la kati: mtu ametupa betri iliyokuwa bado nzima, akanunua mpya, na kile kilichoimaliza ya kwanza bado kimo ndani ya gari kikiisubiri ya pili.

Tuanze na mlango.

Ndani ya rimoti yako mna ufunguo wa chuma. Uchomoe, fungua mlango wa dereva kwa mkono. Fungua taratibu, kwa sababu kioo cha mlango huu hakina fremu. Umeme ukiwepo, kioo hushuka kidogo mara tu unapovuta kitasa, kikaachana na mpira wa juu. Umeme usipokuwepo hakishuki, kinabaki kimejichomeka kwenye mpira. Ukiuvuta mlango kwa pupa unaweza kuuchana mpira huo, na ukiubamiza kuufunga, kioo kinagonga ukingo wa juu. Ukishaufungua uache wazi mpaka umeme urudi, na uweke taulo nene kwenye ukingo wake ili upepo au mpita njia asiufunge.

Sasa kifuniko cha mbele. Watengenezaji waliliona tatizo hili wakaliwekea njia. Pembeni mwa nafasi ya miguu, karibu na mlango, kuna kisanduku cha fyuzi. Toa kifuniko chake cha plastiki. Ndani utaona terminali chanya, nyekundu, inayovutwa nje. Ivute, kisha ubane hapo waya mwekundu wa kubusti. Waya mweusi ubane kwenye chuma kitupu cha mwili wa gari, na kilicho karibu zaidi ni kile chuma kwenye nguzo ya mlango ambacho komeo hukishika mlango unapofungwa. Ncha za upande wa pili ziende kwenye betri nyingine ya volti 12: ya gari jingine lililozimwa, au betri ndogo ya mkononi. King'ora huenda kikalia. Bonyeza kitufe cha kufungulia kwenye rimoti kitanyamaza. Halafu bonyeza kitufe cha kifuniko cha mbele, usikie komeo likiachia.

Njia hiyo ni ya kufungulia komeo tu. Usijaribu kuwasha injini kupitia hapo, maana waya uliopo ndani haukutengenezwa kubeba mkondo wa stata. Tena, betri iliyokauka kabisa hunyonya umeme wote unaoingia, hivyo komeo linaweza lisifanye kitu mara ya kwanza. Acha nyaya zimeunganishwa dakika chache ujaribu tena. Na kama unatumia kibusta kidogo cha lithiamu, vingi vya aina hiyo havitoi umeme mpaka vihisi kuna volti upande wa pili, na kwako hakuna. Vyenye kitufe cha kulazimisha vitafanya kazi, lakini ukikibonyeza kinga ya kugeuza nyaya huwa imeondoka, kwa hiyo angalia mara mbili kwamba nyekundu iko kwenye nyekundu.

Kikifunguka, kabla hujagusa kingine chochote, hakikisha hakiwezi kujifunga. Zungushia kitambaa kinene kwenye ulimi wa komeo, au ufunge kamba. Wakati betri iko nje ya gari, kifuniko kikishuka na kujifunga unarudi mwanzo kabisa, na safari hii kuna zana zako ndani.

Hapo ndipo wengi wanapochukua spana namba 10 moja kwa moja. Wewe chukua maltimita kwanza, kile kifaa cha kupimia umeme, kwa sababu maelezo yako yananifanya nishuku kwamba gari halina hatia, na huenda hata betri haina.

Tufanye hesabu. Gari la kisasa likilala halizimiki kabisa. Kompyuta zake zinapungua moja moja, kazi inayoweza kuchukua dakika ishirini hadi saa nzima, na zikishalala zote bado kuna mkondo mdogo wa kulinda king'ora, kusikiliza rimoti na kutunza kumbukumbu. Miliampea 20 hadi 50 ni hali ya kawaida. Chukua 50: kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Kwa siku zako 42 ni ampea-saa 50 na kidogo. Tuseme betri yako ni ya ampea-saa 80. Magari yenye usimamizi wa chaji wa namna hii hayaijazi betri hadi juu. Huiacha kwenye asilimia 80 hivi ili pabaki nafasi ya kupokea umeme unaovunwa gari linapopunguza mwendo. Kwa hiyo uliondoka ukiwa na 64, ukatumia 50, zikabaki 14. Na hiyo ni kwa betri mpya. Iliyokula miaka minne au mitano haina tena 80 iliyoandikwa ubavuni. Kwa hesabu hii gari lako limefanya kile ambacho gari zima la aina yake lingefanya likiachwa wiki sita bila chaja.

Kwa hiyo pima. Weka ncha za maltimita kwenye terminali zenyewe, si kwenye vibano. Betri ya AGM, yaani ile ya risasi iliyofungwa inayotumika kwenye magari yenye mfumo wa kuzima injini kama lako, ikiwa imejaa na kupumzika husoma kama volti 12.8 au zaidi kidogo. Kwenye 12.2 iko nusu. Kwenye 12.0 imebaki na robo, na chini ya 11.8 ihesabu kuwa tupu. Yako pengine itasoma chini zaidi ya hapo, na namba hiyo peke yake haisemi kwamba imekufa. Inasema ina njaa. Uhai wake utaujua baada ya kuilisha.

Ichaji kwa chaja yenye mpangilio wa AGM, ambayo huishia kwenye volti 14.7 hivi. Usitumie ule mpangilio wa kufufua betri unaopandisha volti hadi karibu 16. AGM ina maji kidogo yaliyonyonywa na sufi ya kioo, na yakichemka yakatoka kwenye vali hakuna pa kuyarudishia. Juu ya hilo, volti hizo hazifai kufika kwenye kompyuta za gari. Mkondo wa ampea 5 hadi 10 unatosha, na uipe usiku kucha au zaidi. Chaja nyingi za kisasa hukataa kuanza zikikuta volti za chini sana, na mtu akadhani betri imekufa kwa sababu chaja imesema hivyo. Zipo zenye mpangilio wa kuanzisha betri tupu; kama yako haina, tafuta inayo. Wakati inachaji, iguse ubavu kila baada ya saa moja. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima, hiyo ina hitilafu ndani.

Ikishajaa, iache ipumzike saa 12 bila kuunganishwa na kitu, ndipo uipime. Ikisoma 12.7 au 12.8 ikabaki hapo, endelea na jaribio la mwisho: irudishe, washa injini huku mtu akisoma maltimita. Stata ikipiga, volti zisishuke chini ya 9.6. Ikipita hapo, pesa zako zipeleke kwenye chaja nzuri ya kutunzia, na nusu ya barua hii iliyobaki uiweke akiba. Ikisoma 12.4 baada ya mapumziko, imechoka. Ikigoma kwenye 10.5 hivi, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwa kuwa kila chumba hutoa volti 2 na kidogo, na hakuna chaja itakayokirudisha.

Kinachoua ni muda ambao betri imekaa tupu. Kemia iliyomo ni ileile aliyoigundua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: sahani za risasi ndani ya asidi ya salfa. Betri inapotoa umeme, sahani hupata utando wa sulfati ya risasi. Inapochajiwa utando huyeyuka. Ukiiacha tupu, ule utando laini hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na eneo lililofunikwa haliwezi kufanya kazi. Siku mbili tupu huvumilika, lakini wiki tatu huacha kovu. Hapo ndipo sijui bahati yako ikoje, ila vipimo vitakuambia.

Jambo moja usilifanye: usibusti betri tupu kabisa kisha ukaenda kuzunguka ukitegemea alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, iijaze. Alteneta imeundwa kutunza betri iliyo na chaji. Ikikutana na tupu humwaga mkondo mkubwa kwa muda mrefu, ikapata moto, na kwenye gari lenye injini iliyobanwa nyuma kama hili joto halina pa kwenda haraka.

Tuseme basi vipimo vimesema imekufa. Unanunua nini?

AGM kwa AGM. Mfumo wa kuzima injini kwenye foleni unaidai betri kuwasha mara nyingi kwa siku na kulisha taa, redio na kiyoyozi injini ikiwa imezimwa. Betri ya kawaida ya maji haidumu kwenye kazi hiyo. Soma ya zamani kabla hujaitoa: ampea-saa, ampea za kuwashia kwenye baridi, urefu, na terminali chanya iko upande gani. Kwa kipimo cha Ulaya, upana wa betri hizi ni milimita 175 na kimo 190. Kinachobadilika ni urefu, kama 278, 315 au 353. Ikizidi haingii, ikipungua haishikwi na kabari ya chini, na betri isiyoshikwa kwenye gari linalopinda kwa kasi kama lako ni hatari. Angalia pia tundu la kupumulia liko mwisho upi. Uliza tarehe ya kutengenezwa; betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuwa na lile kovu nililolieleza.

Kuhusu lithiamu, ushauri wangu kwako ni hapana, na sababu ni yale maegesho ya wiki sita. Porsche wenyewe waliitangaza mwishoni mwa 2009, kwa 911 GT3, GT3 RS na Boxster Spyder. Ilikuwa na uzito chini ya kilo 6, nyepesi kwa zaidi ya kilo 10 kuliko ya risasi ya ampea-saa 60. Kwa mtu wa mbio, kilo 10 zinazoondoka mbele ya gari ni zawadi. Lakini uwezo wake ulioandikwa ulikuwa ampea-saa 18, na waliiuza pamoja na betri ya kawaida kwa sababu kwenye baridi kali lithiamu haiwashi vizuri. Chukua zile 1.2 za kila siku: 18 zinaisha kwa siku 15. Inahitaji pia chaja yake maalumu. Kama gari lako lingekuwa linaingia uwanjani kila wiki na kulala kwenye chaja, ningekujibu vingine.

Sasa kazi yenyewe. Breki yako ya mkono ni ya umeme, kwa hiyo gari halitasogea. Fanyia kazi lilipo. Baada ya kulipa gari chaji kidogo, tumia nafasi hiyo kushusha vioo vyote viwili kabla hujakata umeme. Utanishukuru. Zima kila kitu, funguo zote ziweke mbali na gari, nje ya umbali ambao gari linaweza kuzihisi, na subiri nusu saa kompyuta zilale. Ukikata umeme zikiwa macho, baadhi huandika makosa ambayo baadaye yatakutisha kwenye dashibodi bila sababu. Vua pete na saa. Pete ikigusa chanya na mwili wa gari kwa pamoja hupata moto mwekundu kabla hujaweza kuuvuta mkono.

Betri iko chini ya kifuniko cha plastiki, upande wa kioo cha mbele. Anza na hasi, namba 10. Sababu ya kuanza na hasi ni kwamba mwili mzima wa gari ni hasi: spana ikigusa chuma ukiwa unafungua hasi hakuna kinachotokea, lakini ikigusa ukiwa unafungua chanya huku hasi bado imeunganishwa, umepitisha mamia ya ampea kwenye spana. Hasi ikitoka, ifunge kwa kitambaa uisukume mbali. Ndipo chanya. Kibano kikigoma, kipanue na ukitikise kwa mkono. Usikipige nyundo wala kukichokonoa kwa bisibisi. Kwenye magari mengi ya kisasa kibano cha hasi kimebeba sensa ndogo inayopima mkondo, volti na joto, na ukiitumia kama mahali pa kukazia bisibisi inavunjika. Kwenye BMW, ambako betri kwa kawaida iko kwenye buti, kibano cha chanya kina baruti ndogo ya kukata umeme gari likigongwa. Hicho nacho kishike kwa adabu.

Chomoa mrija wa kupumulia, ukumbuke ulipokuwa. Legeza kabari ya chini. Halafu simama sawasawa: AGM ya ukubwa huu ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na unainyanyua ukiwa umeinama juu ya bampa, mgongo ukiwa mahali pabaya kabisa. Tandika blanketi kwenye rangi. Kama mgongo wako una historia, mwite mtu.

Ya kwanza ikitoka, tazama kitako chake. Ukiona unga mweupe au wa kijani, usafishe kwa maji mengi na brashi, ukaushe, na uhakikishe chuma cha chini hakijaliwa. Ingiza mpya, kaza kabari kwanza, itikise kwa mikono miwili. Gari zima litikisike, betri isitikisike peke yake. Kisha rudisha mrija wa kupumulia. Huu ndio ninaoukuta umesahaulika mara nyingi kuliko kitu kingine, kwa sababu gari linawaka vizuri bila huo. AGM haitoi gesi nyingi, lakini ikichajiwa kupita kiasi inatoa hidrojeni, na hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Mrija unaitoa nje ya gari. Kama betri mpya ina matundu ya kupumulia ncha zote mbili, lile lisilo na mrija liwe na kizibo.

Chanya kwanza, hasi mwisho. Kusipokuwa na hitilafu utaona cheche ndogo hasi ikigusa, ni kompyuta zikijaa. Iguse mara moja kwa uhakika, usiiguseguse. Kaza kwa kiasi. Risasi ni laini, na niutoni-mita 5 au 6, yaani mkono mmoja kwa spana fupi, zinatosha. Kibano kikiwa hakizunguki kwa mkono, umemaliza.

Wapo wanaopendekeza kuliacha gari na umeme wa akiba wakati wa kubadilisha, kwa kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi. Kinaokoa saa na kumbukumbu ndogo ndogo. Mimi simshauri mtu anayefanya mara ya kwanza, kwa sababu kibano cha chanya unachokishika mkononi kinabaki hai. Kupoteza saa ya dashibodi ni bei ndogo.

Na kompyuta? Kwa utaratibu huu hutaziharibu. Swali lako la kompyuta lina jibu jingine, nalo ni usajili.

Gari lako linatunza historia ya betri: imetumika kiasi gani, imezeeka vipi, inahitaji volti ngapi za chaji. Ukiweka mpya bila kulifahamisha, linaendelea kuilisha kama ile kongwe iliyochoka. BMW hulitaka hili lisajiliwe, na ukibadilisha ukubwa au aina, liandikwe upya kabisa. Kwenye Audi nyingi unaandika uwezo, mtengenezaji na namba ya betri kwenye kompyuta inayosimamia mawasiliano ya gari. Na kwenye 991 yako ipo kazi ya kubadilisha betri ndani ya mashine ya uchunguzi ya Porsche, na baadhi ya skana za mkononi zinaifanya. Kabla ya kununua skana, thibitisha kwamba inaorodhesha kazi hiyo kwa kizazi chako.

Utasikia watu wakisema hawakusajili na gari linaenda. Kweli linaenda. Linawaka siku hiyo, na wiki hiyo. Hasara huja polepole: mfumo wa foleni unakataa kuzima injini, kiti cha joto kinajizima chenyewe, ujumbe wa chaji ndogo unatokea bila sababu, na betri inayopaswa kudumu miaka sita inachoka mapema. Ukiweka betri ya aina na ukubwa uleule, unaweza kuendesha siku kadhaa ukitafuta mwenye skana. Ukibadilisha aina, usisubiri. Dakika kumi za fundi mwenye mashine ni sehemu ya kazi hii, hata kama spana zote umeshika wewe.

Injini ikiwaka, usishtuke dashibodi ikikuonyesha taa za usukani na uthabiti wa gari. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, kisha endesha polepole barabara iliyonyooka. Sensa ya usukani inajipanga upya na taa zinazimika. Kila kioo kipandishe hadi juu na uendelee kushikilia kitufe sekunde chache, ili kijue tena mwisho wake. Bila hivyo hakitashuka kidogo ukifungua mlango, na ule mpira tulioulinda mwanzoni utaumia. Panga saa. Mlio wa injini ukiwa haujatulia dakika za mwanzo, ipe nafasi ijifunze. Mfumo wa foleni unaweza kuchukua siku moja au mbili kabla haujaanza kazi, kwa sababu sensa inahitaji kuiona betri imepumzika saa kadhaa.

Bado kuna jambo la kuthibitisha: ile hesabu niliyokufanyia ilidhani gari linalala sawasawa. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kumaliza betri tatu kwa miaka miwili. Mwenyewe alikuwa amechoka, na kila aliyemhudumia alimuuzia nyingine. Nilipopima, gari halikushuka chini ya miliampea 300. Kilichokuwa kikila ni kamera ya kioo cha mbele, iliyounganishwa kwenye fyuzi isiyozimika. Miliampea 300 ni ampea-saa 7.2 kwa siku. Betri ya 80 inafika nusu ndani ya siku sita. Betri zote tatu zilikuwa nzima siku ziliponunuliwa.

Kupima, tumia klampu ya mkondo wa DC, kipimo kinachoukumbatia waya bila kuukata, inayosoma miliampea, uizungushie waya wa hasi. Maltimita ya kawaida iliyopitishwa katikati ya waya inaweza kuungua mtu akifungua mlango au akiwasha gari kwa bahati mbaya. Danganya komeo la kifuniko kwa bisibisi ili gari lidhani kimefungwa, funga milango, weka funguo mbali, subiri saa nzima. Ukikuta zaidi ya miliampea 50, usianze kuchomoa fyuzi, kwa sababu kila unayoichomoa huamsha kompyuta na vipimo vinavurugika. Weka maltimita kwenye milivolti, ugusishe ncha kwenye vile vituo viwili vidogo juu ya kila fyuzi. Isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayosoma kitu ndiyo njia ya mwizi.

Kwa safari zako ndefu, acha chaja ya kutunzia imeunganishwa. Kwenye 911 inaweza kuchomekwa kwenye soketi ya kiberiti, ukahakikisha kwanza kwamba soketi hiyo inabaki na umeme gari likiwa limefungwa. Ukiunganisha moja kwa moja, hasi ya chaja ibane kwenye chuma cha gari, usiibane kwenye terminali ya betri, ili mkondo upitie kwenye sensa na gari lihesabu chaji inayoingia.

Betri ya zamani irudishe kwa muuzaji; ina kilo nyingi za risasi na asidi, na risasi hiyo huyeyushwa ikatengenezewa betri nyingine. Isafirishe ikiwa imesimama. Asidi ikikugusa ngozi au jicho, maji mengi, papo hapo, kabla ya kumtafuta mtu yeyote.

Baada ya wiki moja ya matumizi ya kawaida, liache gari usiku kucha, asubuhi pima kabla hujalifungua kwa rimoti. Ukisoma 12.5 au zaidi, tulia, maana gari halijazi hadi juu. Ukisoma 12.2 au chini, niandikie tena, na uniletee namba tatu: volti hizo, miliampea baada ya saa moja ya usingizi, na volti injini ikiwa inaunguruma.